Matamu Bila Sukari

Nilikwenda kwa Mwalimu kutafuta baiolojia, akanipa chumvi. Nilichukia, na sioni haya kusema. Una mtoto anafifia mbele ya macho yako, halafu mtu anakwambia ukae chini ujifunze atomu! Siku ile ningekuwa na kitu mkononi, ningekirusha.

Mtoto mwenyewe ni binti yangu, Kasuku. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu alikuwa hanyamazi. Akiamka anaongea, akila anaongea, akioga anaongea na ndoo. Kusoma alijifunza kabla ya shule, kwenye maandishi ya betri za baba yake, maana mume wangu ni fundi betri na karakana yake iko hapo hapo mbele ya nyumba. Mtoto alikuwa akipitisha kidole kwenye betri za wateja, anasoma kwa sauti: chanya, hasi, hatari. Wateja wanacheka mpaka wanasahau kudai kazi zao.

Kisha akaanza kunyamaza. Si kwa siku moja, la. Alianza kwa kupoteza majina ya vitu. Anataka kijiko, anasema, "Mama, nipe kile. Kile cha... kile." Tumbo likawa linamshika, choo kikafunga, midomo ikapauka. Mwalimu wake wa darasa la kwanza akaniita kuniambia mtoto anautazama ubao kama anatazama ukuta. Nikampeleka karakanani, nikamwonyesha betri, nikamwambia, soma hapa mwanangu. Akaikodolea macho ile "hatari" aliyokuwa akiisoma akiwa hajaota meno ya mbele vizuri, akaanza kulia.

Zahanati walisema minyoo. Tukampa dawa ya minyoo. Wakasema damu imepungua. Nikauliza, imepungua imekwenda wapi, na mtoto hajajikata popote? Daktari wa zahanati akatabasamu. "Mama, hayo ni mambo ya baiolojia. Ni marefu, hutaelewa."

Hutaelewa! Mimi! Nilitoka pale nimefura, tumbo la miezi mitano mbele, Kasuku nyuma ananiburuta mkono, na nikaapa kwamba nitaelewa hata kama ni kwa kufa. Ndiyo maana nikaenda kwa Mwalimu. Ni mama mstaafu, mwembamba, hacheki ovyo, na jioni alikuwa akifundisha watu wazima kwenye darasa la shule ya jirani, wale tuliokatisha masomo na tunataka kuyarudia. Kulikuwa na msusi, fundi cherehani, na vijana wachache wa sokoni. Madawati yalikuwa ya watoto. Mimi ilinibidi nikae upande, kwa sababu tumbo halikutaka kuingia.

"Nataka baiolojia," nikamwambia. "Kemia wape hawa wengine. Mimi nataka damu tu."

"Damu ina nini?"

"Ina wekundu."

"Wekundu unatokana na nini?"

Nikageuka kuwatazama wenzangu, wanisaidie.

"Na chuma," akasema. "Chuma ni nini?"

"Msumari ni chuma. Nondo ni chuma."

"Kwa hiyo una misumari mwilini? Kaa chini, Mama Kasuku. Kemia kwanza."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikakaa, maana hata hasira huhitaji mahali pa kuegemea, na yangu haikuwa napo.

Basi nikajifunza. Atomu ina kiini, elektroni zinazunguka nje, na elektroni zile za nje kabisa ndizo zinazofanya mambo yote: kuungana, kuachana, kupeana, kunyang'anyana. Mwalimu alikuwa haruhusu kuandika neno kabla hujalisema kwa maneno yako mwenyewe. "Kalamu inadanganya," alikuwa akisema. "Mdomo ukikwama, hujaelewa." Nilikwama sana. Nikawa napika huku nasema peke yangu: sodiamu anatoa moja, kalsiamu anatoa mbili, klorini anapokea moja. Mama mkwe wangu akawa ananichungulia mlangoni.

"Mkamwana, unaongea na nani?"

"Naongea na kalsiamu, Mama."

"Haya. Mimba hii itakuwa ya mtoto wa kiume, inakutia wazimu."

Na huku nasoma, Kasuku anazidi kwenda. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Kila jioni narudi na jambo jipya kichwani, na kila jioni mwanangu ana jambo moja pungufu. Siku moja ni jina la shangazi yake. Siku nyingine ni kufunga kifungo cha shati. Nilimwambia Mwalimu, tufike basi kwenye damu, mtoto wangu hana muda. Akaniambia, "Ukiingia kwenye baiolojia bila kemia, utakariri majina ya viungo kama mtu anayetaja majina ya miji asiyojua njia ya kuifikia." Nikamwona hana huruma.

Sasa niwaeleze kuhusu dramu, maana bila dramu hamtajua lolote.

Mama mkwe ana kisukari. Alipoambiwa aache sukari, kabla Kasuku hajaanza kunyamaza, mume wangu, anavyompenda mama yake, akasema basi hakuna sukari tena katika nyumba hii, hatutamwacha anameza mate peke yake. Tukawa tunakunywa maji ya ndimu makavu, machungu mpaka masikio yanasimama. Yalikaa kwenye dramu dogo la bati lenye bomba, dramu la mama mkwe tangu ujana wake, kalitunza kuliko mboni ya jicho. Siku ya siku likatoboka kwa kutu. Bibi wa watu alilia. Mume wangu akalichukua karakanani. Akatoa risasi ya betri mbovu, ile metali laini ya kijivu, akaiyeyusha, akaifua ikawa bapa jembamba, akalivisha dramu lote kwa ndani, akaziba maungio kwa moto. Lilirudi linang'aa ndani mpaka unajiona uso. Halivuji hata tone.

Tukakamua ndimu, tukajaza. Kesho yake mama mkwe akafungua bomba, akaonja, akashika kifua.

"Jamani! Ni matamu!"

Tukaonja wote. Kweli. Ukali wa ndimu upo, lakini nyuma yake kuna utamu fulani laini, unakaa kwenye ulimi. Na hatukutia hata punje ya sukari. Mama mkwe akacheka mpaka machozi. "Mungu si Athumani! Kanikataza sukari, kaniletea ndimu za peponi." Yakikaa zaidi, yanazidi utamu. Tukawa tunayaacha yalale kwa makusudi. Majirani walikuja kuonja, wakauliza ndimu tunanunua wapi, na mama mkwe akawa anafanya siri kwa maringo.

Kasuku ndiye aliyeyapenda kuliko sote. Bibi yake alikuwa akimwita mke mwenza, kwa utani wao. "Njoo mke mwenzangu, njoo tunywe kabla hawajatumalizia." Vikombe viwili, mkeka mmoja, mchana kutwa. Na mimi, kichefuchefu cha mimba kilikuwa hakinitoki bila kitu kikali. Nilibeba chupa yangu kila nilikokwenda.

Jioni moja Mwalimu alituambia tuje kila mtu na kitu kikali kutoka nyumbani, tukipime kwa karatasi za litmasi. Msusi akaleta siki. Fundi cherehani akaleta maziwa yaliyoganda. Mimi nikaleta chupa yangu. Karatasi zikawa nyekundu moja baada ya nyingine, watu wakafurahi kama watoto. Nami kwa mdomo wangu huu usiotulia nikasema, "Haya, baada ya kazi ni kinywaji. Onjeni ya kwangu. Hayana sukari kabisa, na ni matamu."

Fundi cherehani alikuwa ameshajimiminia kwenye kifuniko, anakipeleka mdomoni. Mwalimu akakipiga kofi. Kifuniko kikaruka mpaka ukutani.

"Mbona unatushangaza, Mwalimu!" nikasema. Niliona kanidhalilisha.

"Umesema hayana sukari."

"Ndiyo. Ni ndimu tu."

"Na ni matamu."

"Si nimesema?"

"Unayahifadhi kwenye nini, Mama Kasuku?"

Nikamweleza dramu. Nilimweleza kwa majivuno, nikisifia mkono wa mume wangu. Nilipofika kwenye risasi, aliketi. Sijawahi kumwona ameketi wakati wa somo. Kisha akainuka, akamimina maji yangu kwenye kikombe cha kioo, akayachemsha juu ya jiko dogo la spiriti mpaka yakabaki chini kidogo. Darasa lote likaacha kunong'ona. Akatoa kichupa cha kahawia kabatini, akadondosha matone machache ya dawa isiyo na rangi.

Maji yakageuka manjano. Si manjano ya ndimu. Manjano mazito, ya kiini cha yai, yakajikusanya na kuzama taratibu chini ya kikombe.

"Asidi ikikutana na metali, huzaliwa nini?" akaniuliza.

"Chumvi," nikajibu. Sauti yangu niliisikia iko mbali.

"Chumvi zote zina ladha ya chumvi ya mezani?"

"Ulisema hapana. Ulisema nyingine ni chungu."

"Nyingine ni tamu. Ya risasi ni tamu, na manjano hayo ndiyo alama yake." Akaniwekea mkono begani. "Na ni sumu, Mama Kasuku. Inaingia kwenye damu inazuia kutengenezwa kwa wekundu wake. Inaingia kwenye neva na ubongo. Umeniuliza mara ngapi damu ya mtoto imekwenda wapi?"

"Lakini mwili... mwili si unajua sumu? Unatapika, unakataa!"

"Mwili hauna macho. Unapokea kwa chaji. Kalsiamu anatoa elektroni ngapi?"

"Mbili."

"Na risasi naye anatoa mbili. Akibisha hodi kwenye mlango wa kalsiamu, anafunguliwa."

Sikuaga. Nilikimbia na tumbo langu na chupa yangu, watu njiani wananipisha wakidhani uchungu umenishika kabla ya wakati. Nilikuwa nasema peke yangu kama siku zote, lakini sasa sikuwa nakariri. Nilikuwa nahesabu vikombe, na havikuwa na idadi.

Niliwakuta mkekani, mama mkwe na Kasuku, vikombe mkononi. Nikakipiga kikombe cha mtoto kikaanguka. Nikakinyakua cha bibi. Nikalikamata dramu nikalisukuma kwa mguu, likabingirika uani, maji yakatapakaa kila mahali. Kasuku hakulia. Aliyatazama tu maji yakienda, mdomo wazi.

"Umepagawa wewe?" Mama mkwe alisimama kwa ghadhabu. "Dramu langu limekukosea nini?"

Mume wangu akatoka karakanani na ovaroli lake, usoni ana masizi. Nikawaambia yote, yakatoka ovyo, mkia mbele kichwa nyuma: asidi, metali, chumvi tamu, manjano. Alinisikiliza, kisha akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu anayetaka sana jambo liwe mzaha.

"Mama Kasuku, mimi nashika risasi tangu nina ndevu mbili. Ninaiyeyusha, ninaikwangua, ninalala nayo kwenye kucha. Nimekufa?"

"Hujafa. Bado."

"Hawa walimu wenu wanakutisheni ili mrudi darasani." Akainamisha dramu, akapata yaliyobaki chini, akajaza kikombe. Akakiinua ili tukione. "Haya. Kwa afya yenu."

Akanywa chote. Mama yake akapiga makofi, "Umeona?" Nami nikawa natazama mkono wake unavyorudisha kikombe mezani. Kiganja kilikuwa kinaning'inia. Kidole hakikumtii. Kikombe kilimponyoka, kikaanguka ubavu. Na si mara ya kwanza; tulikuwa tukimtania siku zote hizo kwa kuangusha spana, tukisema uzee umemwahi.

"Nyoosha mkono mbele," nikamwambia.

"Acha upuuzi."

"Nyoosha, kisha inua kiganja. Kama polisi anayesimamisha gari."

Akanyoosha. Kiganja cha kushoto kikainuka. Cha kulia kikabaki kimelala, kinaangalia chini. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakikuinuka.

"Mwanangu, inua mkono," mama mkwe akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayemwamsha mtoto. "Inua, baba. Si huu tu mkono? Inua."

Hakuna aliyecheka tena. Mume wangu aliuangalia mkono wake kama wa mtu mwingine aliyesahaulika pale. Kisha akamwangalia Kasuku, aliyekuwa ameshachuchumaa anachovya kidole kwenye dimbwi na kukilamba. Mume wangu alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Akamnyanyua mtoto kwa mkono mzima, akampangusa ulimi kwa upindo wa shati la ndani, anarudia, "Temea, mama. Temea hapa kwa baba. Mimi ndiye niliyekulisha hii. Temea." Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye maji, kanga imelowa, anasema kila alipoombwa alimpa, hakumnyima hata mara moja.

Tulikwenda hospitali kubwa jioni ile ile, sote wanne, kwa gari la mteja aliyekuja kufuata betri yake. Nilibeba chupa yangu na masalio ya maji, maana Mwalimu alinifundisha kutosema jambo bila kuwa nalo mkononi. Walimlaza Kasuku, wakachukua damu yake, ya bibi yake na ya baba yake, maana ndio niliowataja; mwenyewe nilijisahau. Wakasema majibu yatachukua siku. Katika siku hizo Kasuku alilala sana. Akiamka ananitazama, anatafuta neno, halipati, anashika kidole changu badala yake. Nilikuwa nikimwambia, mimi ni Mama. Anatikisa kichwa kwamba anajua.

Majibu yalipofika daktari aliniita peke yangu. Mume wangu alikuwa amefungwa kipande cha ubao mkononi, na hakuwa na nguvu ya kusikia. Daktari huyu alikuwa kijana, mpole, haniongelei kama mtoto. Alisema damu ya Kasuku imejaa risasi kupita kiasi chochote alichowahi kuona. Dawa ipo. Itaikamata iliyo kwenye damu na kuitoa kwa mkojo. Maneno mengine yanaweza kurudi, mengine pengine yasirudi.

"Na iliyoingia kwenye mifupa?" nikauliza.

Akanitazama vizuri. "Hiyo dawa haiifikii sana. Inakaa. Inaweza kukaa miaka mingi."

"Imekaa mahali pa kalsiamu."

"Ndiyo, mama. Hasa."

"Kwa sababu naye anatoa mbili, mwili ukadhani ni kalsiamu."

"Ndiyo." Akatabasamu kidogo. "Umesoma wapi?"

Nilikuwa naendelea kusema, taratibu, kwa maneno yangu mwenyewe, kama nilivyozoeshwa, na kwa mara ya kwanza mdomo haukukwama popote. Nilitamani ukwame.

"Na mwili ukipungukiwa kalsiamu, unaichukua kwenye mifupa?"

"Unaichukua, ndiyo. Kidogo kidogo."

"Na inayotoka, inatoka na mwenzake, risasi."

"Inatoka naye."

"Mtoto wa tumboni, daktari. Mifupa yake anaijenga kwa kalsiamu ya nani?"

Daktari aliweka kalamu chini. Macho yake yakashuka tumboni kwangu, kisha kwenye ile chupa niliyoleta mwenyewe, iliyokuwa mezani kwake na alama ya mdomo wangu kwenye shingo. Alifungua mlango akamwita nesi alete sindano na kichupa kingine cha damu.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, hakujua tulichokuwa tukizungumza. Alinifunga mpira mkononi, akaniambia nisiogope, akaegemea ili apate mshipa, na ubavu wake ukagusa tumbo langu. Mtoto akapiga teke, kwa nguvu, mpaka nesi mwenyewe akaruka.

"Mashallah!" akasema, huku anacheka. "Huyu ana mifupa, huyu!"